Ndoo 4.28: kisa cha darasa lililojua kukokotoa lakini halikusoma swali

Swali lenyewe ni hili. Naliandika lote kwa sababu karibu kila silabi yake tutairudia huko mbele:

"Tangi lina ujazo wa lita 240. Robo tatu ya tangi hilo ina maji. Theluthi moja ya maji hayo ilitumika kumwagilia bustani, na nusu ya yaliyobaki ikahamishiwa kwenye ndoo zenye ujazo usiozidi lita 14 kila moja. Ndoo zisizopungua ngapi zilihitajika?"

Nililiweka kwenye jaribio la kufunga mada ya sehemu. Darasa nililiona limeiva. Kwa wiki tatu tulikuwa tukizidisha sehemu, tukizigawanya, tukizirahisisha, na madaftari yalijaa alama za vema. Nilidhani swali hili litakuwa la kupumzikia. Waliolipata hawakufika hata robo ya darasa.

Nikasema moyoni, hawajaelewa sehemu, itabidi turudie mada. Kilichoniokoa ni uvivu wala si busara. Sikuwa na zoezi jipya mkononi, kwa hiyo asubuhi iliyofuata niliandika ubaoni hesabu ileile, safari hii nimeivua maneno yote: 240 × ¾ × ⅔ × ½ ÷ 14. Karibu darasa zima lilifika kwenye 4.28 au 4.29 kabla sijamaliza kufuta upande wa pili wa ubao. Watoto walewale, namba zilezile.

Nikazirudia karatasi zao kwa jicho jingine. Majibu yaliyokosewa hayakuwa ya kila aina kama nilivyodhani. Yalikuwa machache na yalijirudia: 5.7, 3.57, 6.43, na 4. Mtu akikosea kukokotoa hukosea ovyo, kila mmoja na lake. Hawa walipotea kwa makundi, kila kundi kwenye njia panda yake, na ukizifuata hatua zao unaona njia panda yenyewe ni neno fulani.

Waliopata 5.7 walichukua theluthi ya 240, yaani 80, wakabaki na 160, nusu yake 80, wakagawanya kwa 14. Kwao sentensi ya pili haikuwapo. Waliopata 3.57 walianza vizuri, wakapata lita 180, kisha wakatoa theluthi ya 240 badala ya theluthi ya 180, wakabaki na 100 na nusu yake 50. Hao waliangushwa na "hayo". Waliopata 6.43 walikata 180 katikati, wakapata 90. Neno "yaliyobaki" walilipita kama mtu anavyopita kibao cha barabarani usiku. Wenye 4 sikuwaelewa kabisa mpaka nilipokaa nao.

Na kulikuwa na kundi la 4.28. Hili lilikuwa kubwa kuliko yote.

Kuketi na watatu

Mwaka 1977 mtafiti wa Australia, Anne Newman, alitoa utaratibu mwepesi wa kujua mwanafunzi anakwama wapi kati ya swali na jibu. Aliona vituo vitano: kulisoma swali, kulielewa, kuyageuza maneno kuwa hesabu, kukokotoa, na kuandika jibu kwa namna swali lilivyotaka. Unamketisha mwanafunzi na karatasi yake na kumwambia: nisomee swali hili, niambie linakutaka ufanye nini, niambie utalipataje jibu, nioneshe unavyofanya huku ukisema, sasa niandikie jibu la swali. Kazi ya mwalimu ni kunyamaza. Nikiri kwamba hapo ndipo penye ugumu, maana mdomo wa mwalimu umezoea kuokoa.

Nilianza na msichana wa 3.57. Alisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, bila kukwama popote. Ningekuwa nimemsikiliza mwezi mmoja kabla, ningeandika pembeni "kusoma: safi" na kuendelea. Nikamuuliza, "Maji hayo. Yapi?"

"Hayo ya kwenye tangi, Mwalimu."

"Ni lita ngapi?"

"Mia mbili arobaini." Akanyamaza. Akarudisha macho juu. "Si... hapana. Tangi ndilo mia mbili arobaini."

Alijua. Hakuna nilichomfundisha pale. Ila hakuwa amelazimika kusimama kwenye "hayo" hata mara moja, kwa sababu macho yake yalikuwa yakiruka kutoka namba hadi namba kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na "hayo" haina namba.

Wa pili alikuwa mvulana wa 4, na huyu ndiye aliyenifundisha zaidi. Aliposoma alisema "ndoo zenye ujazo unaozidi lita 14". Nikamwomba arudie. "Unaozidi." Mara ya tatu pia. Macho yake hayakuiona ile "-si-" ya katikati ya "usiozidi".

"Kwa hiyo ulitumia ndoo ya lita ngapi?"

"Kumi na tano, Mwalimu. Kwa sababu lazima izidi kumi na nne."

Sitini gawanya kwa kumi na tano ni nne kamili. Jibu safi, halina nukta wala baki, na kwa hilo alijiamini kuliko wenzake wote. Hatua zake nyingine zote zilikuwa sahihi: 180, 60, 120, 60. Mimi nilikuwa nimempa mkasi mwekundu na alama sifuri, kwa silabi moja.

Wa tatu alitoka kundi la 4.28. Alisoma vizuri, akaeleza vizuri, akakokotoa vizuri. Nilipomwambia aniandikie jibu la swali akaandika "ndoo 4.28" na kupiga mstari chini. Nikamwambia anichoree ndoo hizo. Akachora nne, akaanza ya tano, akaacha kalamu na kucheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika tathmini ya kitaifa ya Marekani, vijana wa miaka 13 waliulizwa mabasi mangapi yanahitajika kubeba wanajeshi 1128 ikiwa basi moja linabeba 36. Asilimia 29 walijibu "31, baki 12". Waliogawanya sawasawa walikuwa wengi, karibu asilimia 70. Waliosema mabasi 32 walikuwa asilimia 23 tu. Niliwahi kusikia kisa hicho kikisimuliwa kwa kicheko, kana kwamba ni watoto wa mbali. Sasa nilikuwa nacho darasani kwangu, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu.

Bango langu mwenyewe

Kabla ya kuwanyooshea kidole, lazima nitaje bango. Mwanzoni mwa muhula nilibandika ukutani orodha ya "maneno elekezi". Jumla: jumlisha. Zaidi: jumlisha. Baki: toa. Kila moja: gawanya. Liliandikwa kwa rangi nne, na nililipenda.

Ukilitazama sasa utaona linachosema: usisome, winda neno. Nililijaribu kwa swali dogo: "Kaka ana penseli 12, ambazo ni 5 zaidi ya za dada yake. Dada ana penseli ngapi?" Darasa likaitikia kwa pamoja, "Kumi na saba!" Jibu ni 7. Neno "zaidi" lipo, na bango limesema jumlisha, nao ni watoto watiifu. Lile kundi la 6.43 nalo lilikuwa na mwanafunzi aliyenieleza kwamba aliona "baki", akajua kuna kutoa, lakini hakuona pa kutoa, akaendelea na safari.

Nilibandua bango siku hiyohiyo. Sisemi msamiati usifundishwe. Ninachokataa ni kumpa mtoto sababu ya kutosoma sentensi.

Kumbe nilikuwa nawatafunia

Nilimwomba mwalimu mwenzangu wa lugha aje aketi nyuma kipindi kimoja. Sikumwomba msaada, nilimwomba macho. Kipindi kilipoisha akanionesha daftari lake. Siku ile tulifanya maswali matatu ya maneno, na yote matatu niliyasoma mimi, kwa sauti yangu na vituo vyangu. Nikifika penye neno zito napunguza mwendo na kuinua sauti. Nikimaliza nachora tangi, naandika pembeni 240, ¾, ⅓, kisha nageuka: "Haya, tunafanyaje?"

"Mwalimu," akaniambia, "swali likiwafikia hawa watoto limeshatafunwa. Wao wanameza tu."

Nilijitetea kwanza, kama ilivyo ada. Nikasema wengine wanasoma polepole, vipindi ni vifupi, silabasi ni ndefu. Akasema yote hayo ni kweli. Kisha akauliza jambo ambalo mpaka leo sina jibu lake zuri: yeye anawafundisha kusoma hadithi, mimi nafundisha hesabu, ni nani katika shule hii anayewafundisha kusoma hesabu?

Swali lake lina uzito kuliko linavyosikika. Hadithi humsamehe msomaji. Ukiruka neno katika aya, aya inayofuata itakurudishia unachohitaji. Swali la hesabu halirudii kitu. Mwaka 2008 Timothy Shanahan na Cynthia Shanahan walichapisha utafiti ambamo waliwakalisha wataalamu wa hisabati, wa kemia na wa historia wasome maandishi ya fani zao huku wakieleza wanavyosoma. Wanahisabati walisisitiza kusoma na kurudia, na kwamba hakuna neno dogo. Wanakemia walikuwa wakienda na kurudi kati ya maandishi na michoro. Wanahistoria walianza na mwandishi: ni nani huyu, na anataka nini. Kwa hiyo "kusoma vizuri" kunabadilika ukivuka kutoka somo hadi somo, na mwalimu wa lugha hawezi kunifanyia kazi hiyo hata angetaka.

Uzi wa ngeli

Tulichoanza nacho ni kusoma mara tatu, na mara ya kwanza swali halina namba. Niliziziba kwa vipande vya karatasi na kulifunika lile ulizo la mwisho. "Tangi lina ujazo wa lita fulani. Sehemu fulani ya tangi hilo ina maji..." Hapo niliuliza jambo moja tu: nini kinatokea? Siku ya kwanza kulikuwa na kimya kizito. Walikuwa hawajawahi kuulizwa. Mmoja akaniuliza tutahesabu nini sasa ikiwa namba hamna.

Woga huo una historia. Huko Grenoble, Ufaransa, karibu mwaka 1980, watafiti waliwapa watoto 97 wa shule ya msingi swali hili: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana miaka mingapi? Watoto 76 walizichukua namba zile wakazifanyia hesabu, wakapata umri. Ukizificha namba, hakuna cha kukimbilia. Mtoto anabaki na meli, kondoo na nahodha, na anaona mwenyewe kwamba hakuna umri hapo.

Mara ya pili namba zinafunuliwa, na kila namba inapewa kipimo chake na mwenyewe wake. "240" peke yake hairuhusiwi. Ni "lita 240, za tangi". Mara ya tatu tunafunua ulizo na kuandika sentensi ya jibu ikiwa na nafasi wazi, kabla ya kukokotoa chochote: "Zilihitajika ndoo zisizopungua ____." Mwenye sentensi hiyo mbele yake huona haya kuijaza kwa 4.28.

Kilicholeta mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, kilitoka kwa mwenzangu wa lugha, nacho kilikuwa chini ya pua zetu muda wote. Kiswahili humwambia msomaji kitu gani ni cha nani, kwa viambishi. "Hayo" ni ya maji. Tangi lingekuwa "hilo". "Yaliyobaki" ni ya maji pia. "Ikahamishiwa" ni ya nusu. "Zilihitajika" ni ya ndoo. Watoto wanazijua ngeli, wanazifanyia mitihani na kupata alama zote. Hakuna aliyewaambia kwamba ngeli zinafanya kazi kwenye hesabu.

Basi tukawa tunazungushia kiambishi duara na kuvuta mstari mpaka kwenye nomino yake. Swali la tangi likimalizika linaonekana kama utando wa buibui, lakini kila mstari ni uamuzi. Kutoka "hayo" mstari unarudi kwenye "maji", na kutoka "maji" unarudi kwenye "robo tatu", siyo kwenye 240. Yule msichana wa 3.57 alivuta mstari huo, akautazama, akafuta hesabu yake bila mimi kusema neno.

Kisha tukaanza kucheza nao. Sanduku lina mipira 48, robo ya mipira hiyo ni myekundu, na theluthi ya iliyobaki ni ya kijani. Ya kijani ni 12, maana iliyobaki ni 36. Sasa futa "ya iliyobaki" uandike "yake". Theluthi yake. Ya nini? Ya mipira yote ni 16. Ya ile myekundu ni 4. Hapa darasa liligawanyika na kubishana mpaka kengele, na walikuwa na haki ya kubishana: "yake" inapatana na theluthi, si na mwenye theluthi, kwa hiyo haimtaji mwenyewe. Niliporudi ofisini nilipekua maswali niliyokuwa nimeyatunga mwaka ule. "Yake" zilikuwa zimejaa tele.

Kwa ajili ya "-si-" tulikuwa na kanuni moja kavu: ukiiona ndani ya kitenzi, izungushie, kisha juu ya neno zima andika alama. Usiozidi 14 ni ≤ 14. Zisizopungua 5 ni ≥ 5. Haihitaji falsafa.

Maneno mengine madogo yalijitokeza yenyewe. Halijoto ya nyuzi 75 ikishuka kwa nyuzi 20 inafika 55. Ikishuka hadi nyuzi 20 imefika 20. "Toa 8 kwenye 20" watoto huiandika 8 − 20, kwa sababu ndivyo maneno yalivyopangwa. Wakubwa nao hawajapona ugonjwa huu wa kufuata mpangilio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 John Clement na wenzake huko Marekani waliwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi waandike mlinganyo wa sentensi isemayo kwamba chuoni wanafunzi ni mara 6 ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na kosa lililoongoza ni kuizidisha idadi ya wanafunzi kwa 6, kana kwamba maprofesa ndio wengi. Wahandisi watarajiwa, si watoto wa sehemu.

Neno unalolijua ndilo baya zaidi

Darasa hilohilo nalifundisha sayansi, na nilidhani huko tatizo litakuwa istilahi ngumu. Haikuwa hivyo. Neno geni mtoto husimama akaliuliza. Anayemponza ni neno la nyumbani lililovaa sare ya maabara.

Niliuliza: mtu ameshika ndoo ya kilo 10 usawa wa kiuno, hasogei, kwa dakika 10, ameifanyia ndoo kazi kiasi gani? Majibu mengi yalisema "kazi kubwa". Wachache walizidisha 10 kwa 10 wakaandika 100, bila kipimo. Kifizikia kazi ni kani mara umbali uliosogezwa kitu upande wa kani hiyo. Kani ipo, karibu nyutoni 98. Umbali ni sifuri. Kazi ni sifuri.

"Lakini Mwalimu, mkono unauma!"

Mkono unauma kweli. Misuli inatumia nishati kujikaza, ila ndoo haijapewa hata chembe. Nilitumia nusu kipindi hapo na sijutii. Tulijaza kisanduku cha vyumba vinne ambacho Dorothy Frayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikibuni mwaka 1969: maana, sifa, mifano, na vitu visivyo mifano. Chumba cha nne ndicho kinachofundisha. Kuinua ndoo kutoka sakafuni ni mfano. Kuishika bila kusogea si mfano. Kutembea nayo kwenye sakafu tambarare kwa mwendo uleule? Kani ya kuishikilia inaelekea juu, safari inaelekea mbele, kwa hiyo kani hiyo haifanyi kazi. Wakabishana tena, lakini safari hii wakiwa wameshika maana mkononi.

Wiki iliyofuata tulisoma aya kuhusu barafu inayoyeyuka, yenye sentensi hii: "Halijoto haikupanda ijapokuwa joto liliendelea kutolewa." Kwa mtoto anayedhani joto na halijoto ni mtu na jina lake la utani, sentensi hiyo ni kosa la mchapishaji. Mmoja alitaka kuirekebisha kwa kalamu. Chini ya aya kulikuwa na grafu, na mstari wake ulilala tambarare kwenye nyuzi 0 kabla ya kuanza kupanda. Hakuna aliyekuwa ameitazama; grafu kwao ni picha ya kupamba ukurasa. Nikawaambia wasome upya, kidole kimoja kwenye sentensi na kingine kwenye mstari, na wasihame sentensi mpaka kidole cha pili kimepata pake. Yule wa kalamu alifika kwenye sehemu tambarare na kusema kwa sauti ya chini, "Hapa ndipo inapoyeyuka." Joto linaingia, barafu inageuka maji, kipimajoto kimetulia.

Yasiyokwenda

Mambo haya yanakula muda. Swali moja la tangi lililonichukua dakika 6 nikilitafuna mwenyewe lilichukua kipindi kizima walipolisoma wao. Nilimaliza muhula nikiwa nyuma kwa mada mbili, na nikaulizwa kwa nini. Nilijibu ukweli, na ukweli haukumfurahisha aliyeuliza.

Waliokuwa wepesi walichoshwa na kuziba namba kufikia wiki ya tatu. Niliwaacha watunge maswali badala yake, kwa sharti kwamba mwenzao aweze kuvuta mistari ya kila swali bila kukuta utata. Ilikuwa kazi ngumu kuliko waliyoiacha.

Na kulikuwa na watoto wawili ambao hakuna duara wala mstari uliowasaidia, kwa sababu hawakuwa wakisoma kabisa. Walikuwa wakiunganisha silabi kwa jasho, na wakifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshapotea. Kwa Newman hao wamekwama kituo cha kwanza. Walikuwa wamekaa darasani kwangu mwaka mzima na mimi nimewaandika "dhaifu katika hisabati". Mwenzangu wa lugha aliwachukua asubuhi kabla ya masomo. Mimi niliwapunguzia maneno kwenye maswali kwa muda huo, jambo ambalo najua ni bandeji tu.

Mwishoni mwa muhula nilitoa jaribio jingine. Mvulana wa ndoo za lita 15 alikuwa amezungushia "-si-" zote duara, hata ile ya "silinda", ambayo haikuhitaji. Swali la nne lilikuwa langu, nimelitunga usiku: "Tangi linamimina maji kwenye pipa kupitia bomba. Baada ya dakika 12 lilikuwa na lita 30..." Dakika tano baada ya kuanza aliinua mkono. Nikamwambia hakuna maswali wakati wa jaribio. Hakuushusha.

Nikaenda mpaka dawatini kwake. Chini ya "lilikuwa" alikuwa amevuta mistari mitatu, mmoja kwenda kwenye tangi, mmoja kwenye pipa, mmoja kwenye bomba.

"Mwalimu," akanong'ona, "hapa 'li-' ni ya nani?"

Niliuchukua ukimya wa kama nusu dakika. Kisha nikarudi ubaoni, nikaomba darasa liweke kalamu chini, nikaandika sahihisho la swali la nne.